Kuota Mchana

Nikitoka zamu ya usiku sifungui mlango kwanza.
Napita ubavuni mwa nyumba, kwenye kichochoro cha maji ya kufulia,
viatu vya wodini bado miguuni,
niende nikaone.

Kuona nini? Hatua saba kwa nne.
Ardhi nyekundu ya Gungu, imeinama kama mtu anayetafuta shilingi,
mvua ikinyesha yote yataka kuteremka ziwani.
Nimeizuia kwa matofali mabovu, kwa tairi la baiskeli,
kwa sinki lililopasuka alilolitupa Mama Kashindi
siku aliponiambia:
"Muuguzi, hapa hata magugu yalikata tamaa."

Mwaka wa kwanza alisema kweli.
Nilipanda karoti, zikatoka kama vidole vya mtoto njiti.
Nilizila zote tisa nimesimama, na udongo wake,
nisimwambie mtu.

Kisha nikajifunza. Jivu la jiko. Maganda ya ndizi.
Matumbo ya migebuka kutoka kwa Butoyi wa genge la kona,
nikayafukia usiku kama mwizi,
na paka wa mtaa mzima wakaja kuyafukua
kama ndugu wa marehemu wanaodai mirathi.
Maji ya bomba Jumatano na Jumamosi;
siku nyingine, yale yaliyooshea mchele.

Asubuhi hii, saa moja na nusu:
lengalenga, majani mapana, mengine yana damu katikati;
bamia mbili zilizokuwa changa jana, leo zimekomaa, zimenipita,
bamia haimngoji mtu wa zamu;
nyanya chungu zinazong'aa kama zimepakwa mawese;
mchaichai, ambao hakuna aliyeuomba, na umetwaa kona nzima.
Na mche wa boga umepanda ukuta, umevuka,
unazaa kwa jirani.
Jirani hasemi kitu. Nami sisemi kitu.
Jumapili likaja bakuli lenye mfuniko, bado la moto.

Usiku kucha nilihesabu: matone ya dripu, mapigo, pumzi,
kitanda cha sita nilizihesabu hadi zilipoisha,
nikaandika saa na dakika.
Hapa sihesabu.
Hapa nageuza jani nitazame chini, wanapojificha wadudu,
nawaponda kwa kidole gumba,
na hakuna anayeniita sista.

Mwezi uliopita aliingia mbuzi.
Lengalenga lote. Vikabaki vishina.
Nilikaa juu ya ndoo nikalia, mimi,
ambaye wodini hulia baadaye, chooni, dakika mbili.
Mama Kashindi akanikuta. Hakunipa pole.
Alichutama na khanga yake ya kwendea sokoni,
akashika kishina kimoja pale jani lilipokatikia.
"Tazama hapa."
Kilikuwepo kitu cha kijani,
kidogo kama punje ya chumvi.

Siku hizi hasemi habari za magugu.
Hukinga upande wa khanga, nami nachuma,
na kodi, kwa kweli, haijapungua hata senti.

Sijui lugha yetu ilishikwa na uchoyo siku ile
au na ukarimu: ikatoa neno moja tu
kwa mbegu, kwa mtu aliyelala,
na kwa anayejipasha joto juani.
Nakata fungu la jioni, nalilaza kwenye beseni,
naoga, nashusha pazia,
nalala watoto wa wenzangu wakienda shule.

Ndani mimi naota.
Nje zenyewe zinaota.
Paka, juu ya ukingo wa sinki, anaota jua,
bado ananusa.

Saa tisa nitaamka
nikaone nani kati yetu amefika mbali.