Apigiwe Nani

Thunder Bay. Theluji ya Machi haijakubali kushindwa.
Ramani imelala mezani kwa Tuulikki,
pembe moja chini ya kopo la sukari, nyingine chini ya kiwiko chake.
"Hapa maji yanaporomoka," anasema, "hapa tunabeba."
Anachora b ndogo kwa penseli. Nahesabu: kumi na tisa.
Mara kumi na tisa mtumbwi utatupanda sisi.

Mchele tumeupima kwa mizani ya bafuni:
napanda nao, nashuka, napanda mikono mitupu;
tofauti ndiyo wali wa siku kumi na sita.
Maharage yamepunguzwa nusu. Chumvi haina mjadala.
Kitabu changu kimeenguliwa,
shoka limepita bila kupingwa.

Juni, rubani atatushusha ziwani
na kuondoka na ngurumo yake yote.

Imebaki fomu.
Msiporudi, apigiwe nani?
Naandika namba ya dada yangu Nyamizi, Tabora,
aliyeniuliza jana, "Huo mto unaishia wapi?"
Baharini, kwenye barafu.
"Kuna nani huko?"
Hakuna.
"Sasa mnamfuata nani?"

Tuulikki anafuta. Wakimpigia usiku wa manane, anasema,
watamuua kwa hofu kabla hatujachelewa vizuri.
Anaanza kuandika jina lake mwenyewe,
penseli inasita:
naye atakuwa majini, kiti cha mbele.

Tunacheka hadi birika linafurika jikoni.
Anakwenda kulizima, anakawia.
Mstari bado mweupe,
mwembamba, mrefu kidogo,
kama yale maziwa ya juu kabisa
ambayo ramani haikuyapa jina.