Uliza Mara Moja

Mtaa wa Rengua, ghorofani, juu ya duka la pembejeo.
Harufu ya dawa ya chulebuni hupanda ngazi mbele yangu
na kuingia ofisini bila hodi.
Seva imekaa juu ya meza ya zamani ya kuchambulia kahawa;
mbao zake bado zina mikwaruzo ya kucha.

Niliajiriwa kuharakisha. Mkataba ulisema hivyo tu:
kuharakisha usomaji na uandikaji wa mafaili.
Nikafungua msimbo wa Aminieli Mboro,
mistari elfu tatu na mia nne,
nikamkuta humo kijana wa mwaka tisini na nane
akihamisha ghala zima kwa kikombe.

Kikombe: baiti mia tano na kumi na mbili.
Kila kikombe na kibandiko chake,
kila kibandiko na mlinzi wake mlangoni:
Unatoka wapi? U safi? Umechafuka? Nani kakushika?
Faili la mizani la Kibosho peke yake
ni vikombe laki nane.
Mara laki nane, swali lile lile,
na diski ya siku hizi, isiyo na hata sahani ya kuzunguka,
inangoja, mikono kiunoni.

Nilitukana, kwa Kichagga kwanza.
Kisha nikampigia simu, Uru.
Nguruwe walikuwa wanagombania pumba nyuma yake.
"Kwa nini vidogo hivi?"
"Kumbukumbu yote ilikuwa megabaiti thelathini na mbili.
Wewe gunia ungelimwagia wapi?"
Akakohoa. "Kuna kitu nilikiandika humo.
Usikifute kabla hujakisoma."

Nilikipata mstari wa elfu moja mia mbili na saba,
kati ya mkwaju na nyota, mahali ambapo mashine haisomi:

    Nabeba kidogo dogo, wala sijalalamika,
    Mlango wangu mdogo, gunia litapasuka,
    Ajaye mwenye mzigo, lango likishatanuka,
    Asinipe tu kisogo, asome nilipofika.

Siku hiyo sikufuta kitu.

Halafu miezi miwili ya kubandua vibandiko.
Sasa mfumo unauliza mara moja:
linaanzia wapi, linaendelea hadi wapi?
Diski inajibu kwa pumzi moja
na Kibosho yote inapita,
gunia zima, jina moja begani.
Isipokuwa shajara ya mfumo.
Yenyewe bado inadai vikombe, na sijui kuibembeleza.
Nimeiachia mistari yake arobaini, pamoja na ubeti.

Lakini kasi siyo iliyokuwa inaninyima usingizi.
Mwaka jana mfumo ulisema "tayari"
mzigo ungali mikononi, haujagusa sakafu.
Umeme ukaenda na kilo za watu kumi na saba.
Karani Ndeanasia akaziandika upya kutoka kichwani;
watu wawili hawakukubali,
na mmoja hadi leo hamwamkii.

Basi hilo nalo nililibadili:
neno "tayari" lisitoke kinywani
mpaka diski yenyewe iseme nimepokea.
Meneja alilalamika kwamba limechelewa.
Nikamwambia ndiyo, limechelewa.

Jumanne, saa kumi na moja jioni, Rengua nzima ikazimika.
Betri ilikufa tangu Mei, na barua ya kuomba nyingine
ingali kwenye trei ya mtu.
Nilikaa gizani nikisikiliza feni ikipungua,
ikipungua, kama mtu anayesahau alichotaka kusema.

Umeme uliporudi nilihesabu.
Kila "tayari" ilikuwapo, na kilo zake.
Mkulima wa mwisho hakuwamo.
Nikampigia Ndeanasia: huyu wa mwisho, ulimwambia nini?
"Sijamwambia kitu. Skrini haijasema.
Yupo hapa, gunia liko juu ya mizani."

Basi pima tena.

Nikasikia chuma kikilia kidogo.
"Arobaini na moja na nusu," akasema,
na sote wawili tukanyamaza
tukilingoja neno.