Uzito wa Maji

Saa saba usiku, Ptuj, mwezi wa Januari.
Mfumo umekataa kutoa ankara.
Nje, lori la Ferenc linanguruma kwa chini
kama mtu aliyeudhika asiyetaka ugomvi,
na ndani yake hamna hata kitasa kimoja.
Paleti thelathini zinangojwa Graz asubuhi.

Skrini inasema: Thamani haipo.
Haisemi ipi, haisemi wapi.
Hitilafu ni kitoto kichanga:
chajua kulia, hakijui kutaja panapouma.

Jumamosi tulisasisha mfumo,
basi kila mtu ana mshukiwa wake.
Mhasibu ailaumu seva,
Zdenka wa ghala amlaumu mhasibu,
meneja kaniandikia ujumbe wenye alama saba za mshangao
kisha akaenda kulala.

Nazima viendelezi kimoja kimoja,
kama azimaye taa za nyumba ngeni
akitafuta ni ipi inayovuma.
Cha kodi: bado.
Cha stakabadhi: bado.
Cha rangi za lebo, ambacho hakuna akumbukaye nani alikiagiza: bado.
Nazima cha tisa, kiitwacho Uzito tu,
na ankara inatoka, laini,
utadhani haikuwahi kugoma.

Nakifungua. Mistari mia sita imebanana
bila hata upenyo wa kupumulia,
na juu ya ule wa mia nne na kumi na mbili pameandikwa:
USIGUSE. ZDENKA ANAJUA. B.

Zdenka hajui.
"Bogomir aliandika mengi," asema,
akimenya chungwa juu ya mizani ya ghala.

Nausimamisha msimbo pale pale,
nautembeza hatua kwa hatua
kama mgonjwa aliyetoka kitandani leo.
Hapa unashika paleti.
Hapa unasoma mwezi.
Hapa, ikiwa ni Novemba hadi Machi,
unauliza mbao imelowa kiasi gani
na kuongeza asilimia tatu.

Nampigia Bogomir. Mstaafu, ana mizabibu, usingizi wake wa paka.
Anacheka kabla sijamaliza.
"Ah, hiyo! Mbao hunywa theluji, binti.
Mwaka ule mizani ya barabarani ilitutoza faini mara tatu,
Zdenka akalia hapo stoo, machozi kweli kweli.
Nikaiandika usiku mmoja.
Nilidhani ni ya msimu mmoja."

Misimu kumi na saba.
Na tangu Desemba paleti zetu ni za plastiki.
Mfumo wa zamani uliusikia ukimya
ukauhesabu sifuri, ukapita zake.
Huu mpya haupokei ukimya.
Basi usiku kucha msimbo wa Bogomir
umesimama mbele ya plastiki, kofia mkononi,
ukiuliza kwa adabu: umelowa kiasi gani?
Na plastiki, isiyo na mishipa ya kunywea,
ingejibu nini?

Natia sharti: kama si mbao, pita.
Maneno manne, saa tatu za kuyatafuta.

Ile asilimia sikuifuta.
Nyuma ya ghala zimebaki paleti kumi na moja za mbao,
na mnywaji, hata akiwa mmoja, ana hesabu yake.
Chini ya USIGUSE nikaongeza:
Zdenka hajui. Mpigie Bogomir. Halali sana.

Ferenc aliondoka saa kumi na robo, hakuaga.
Nikatoka nje kupunga hewa.
Theluji ilikuwa imeanza upya,
ikijipanga juu ya paleti tupu za plastiki,
vidole vinne, vitano, bila haraka,
na Zdenka, ganda la chungwa kiganjani,
akaitazama kitambo.
"Na hii," akauliza, "si ina uzito wake?"