Kinati

Gari ni Fodi ya mwaka thelathini na nne,
paa limekatwa, boneti halina mbavu.
Injini ya silinda nane niliipandikiza mwenyewe
hapa Mabela, chini ya bati,
na miaka sita kila riali iliyonizidi
niliitia kwenye kwenda.

Kwenye kusimama sikutia kitu.

Siku ile tukishuka mlima wa Amirat,
Bausher yote imetandikwa chini kama jamvi,
nilikanyaga, pedali ikazama
kama mguu kwenye tope.
Ngoma nne za chuma zilinuka nywele zinazoungua.
Tukaishia kwenye kifusi cha kokoto
walichowekewa wenye malori.
Ghaniya akashuka, akafunga mlango taratibu;
angeubamiza ingekuwa nafuu.
"Ngoma ikilia sana hupasuka," alisema,
asiseme tena hadi Jumanne.

Nikang'oa ngoma. Nikaagiza disiki kutoka Sharja,
kalipa mpya, masta silinda ya vyumba viwili.
Rafaqat, fundi wa jirani, akaja na karaki yake,
akabonyeza pedali kwa kiganja:
"Sifongo."
Chupa tatu za mafuta tulizimaliza.
Hewa tukiitoa leo, kesho imerudi,
kama mgeni asiyejua kuwa ameshaagwa.

Ijumaa Rafaqat hayupo,
na kazi hii haina mtu mmoja.
Nikamwita. Akaketi kwenye usukani na kanga yake ya jikoni.

Kanyaga.
Nimekanyaga.
Shikilia.
Nashikilia, Harith. Mwaka wa ishirini na saba huu.
Achia.

Hakuachia. Kisha akaachia, akashuka,
akainama palipovuliwa gurudumu.
"Hiki kinati mbona kinatazama chini?"
"Ndivyo kilivyo."
"Mie nimedunga watu sindano maisha yangu yote.
Ukiielekeza chini, hewa itatokea wapi?"

Nikatazama.
Kalipa ya kulia nimeifunga kushoto,
ya kushoto kulia,
nimezikaza kwelikweli, bila kumuuliza mtu.

Nikazibadilisha, vinati vikatazama juu.
Kanyaga. Shikilia.
Likatoka povu, kikatoka kiputo kama jicho la changu,
kisha mafuta matupu, rangi ya asali,
na pedali ikasimama ngumu kama kisigino.

Tukajaribu kwenye vumbi nyuma ya gereji.
Nikakanyaga: gari likainamisha pua, likatulia palepale,
na karaki ya Rafaqat, iliyosahauliwa juu ya dashibodi,
ikatumwagikia mapajani.

"Afadhali," akasema, akijipangusa.

Mlimani bado hajakubali.