Bado Kidogo

Mwaka ule ng'ombe mmoja alikuwa dola mia mbili,
nawe Birindwa ulikuwa na mia na themanini
ndani ya soksi, chini ya godoro, Kadutu,
katika chumba cha mabati kilichoning'inia mteremkoni
kama kifungo kilicholegea.
Ukoo wangu ulitaka watatu.
Ukasema: bado kidogo.

Ulipofikisha mia mbili, ng'ombe alikuwa mia tatu.
Ulipofikisha mia tatu, Nshobole akazaliwa kwa kisu,
hospitali ikamla ng'ombe, kwato na pembe.
Tangu hapo bei inapanda mlima mbele yetu,
haina mzigo kichwani, haihemi,
sisi nyuma na ndoo za maji.

Mimi ninashona.
Miaka ishirini na miwili ninashona arusi za watu,
bei zao nazijua kwa ncha ya sindano:
vikwembe vya ukoo, hamsini, rangi moja,
na shangazi asiyepata atanuna hadi kaburini;
gauni la kukodi, kurudishwa kesho saa nne,
doa la mchuzi nimelifunika kwa ua la lesi;
ukumbi wa Nguba unaolipiwa kwa saa kama teksi;
keki ya orofa tano, ambayo orofa tatu
ni katoni iliyopakwa sukari. Usimwambie mtu.
Bibi-arusi huja kupimwa na kikaratasi cha hesabu.
Akirudi kuchukua gauni, kikaratasi kimekuwa daftari
na kiuno kimepungua sentimita nne.

Jumapili wakaja wa kwao Ahadi,
kijana wa Bagira, mtengeneza simu,
pamoja na baba yake mdogo, kasha mbili za soda, na bahasha.
Ulivaa koti lako la misiba, nililipiga pasi mara mbili.
Ukanyoosha mkono uipokee bahasha ya binti yako.

Ndipo kaka yangu Mweze akakohoa.

Kikohozi kile kilikuwa kimekaa kifuani mwake
tangu soksi, tangu godoro.
"Shemeji," akasema, na neno lenyewe akalishika kwa vidole viwili
kama noti ya dola iliyochanika pembeni,
"mtu hapokei cha ndama
na mama wa ndama hajalipiwa."

Mimi, mama wa ndama, nilikuwa mlangoni
na sinia ya sambaza.
Zilipoa.

Akahesabu. Ng'ombe watatu, kwa bei ya leo, si ya wakati ule.
Mbuzi wa mama. Blanketi la bibi, aliyekwisha kufa, lakini blanketi ni blanketi.
Faini ya kukaa kimya.
Ulitoa simu ukajumlisha, kioo kina ufa,
ukajumlisha tena kana kwamba ufa ndio uliokosea.
Kwenye bahasha mlikuwa na elfu moja na mia nne.
Mweze alitaka elfu moja na mia nne.

Basi nikaiona bahasha ikitembea:
mkono wa Ahadi, mkono wako, mkono wa kaka yangu.
Hatua tatu. Haikupata hata joto la kiganja chako.
Wakapiga vigelegele, sikujua ni kwa nani kati yetu.
Nshobole peke yake akauliza:
"Na siku yenyewe, watu watakula nini?"
Mtu akafungua soda.

Usiku ukanigeukia kitandani:
sasa wewe ni mke wangu kweli.
Nikafikiri komini, picha nne na muhuri,
nikafikiri kanisa, na pete, na kwaya inayodai nauli.
Nikasema: bado kidogo.
Ulicheka hadi ukuta wa jirani ukagongwa.

Asubuhi msichana akaja na kikaratasi,
akauliza gauni ni bei gani.
Nikamtazama kiuno.
Nikaongeza dola kumi,
na mdomo ulikuwa wangu.