Kona ya Kumi na Saba

Leita si mto wa kutisha.
Unazaliwa kwenye shamba la viazi la akina Hoekema,
katika bomba la saruji lisilotazamwa na mtu,
na kwa mwendo wa saa nzima kwa miguu
haujaamua kama ni mto au mtaro.

Babu Wiebren ndiye aliyeunyoosha.
Alikuja na mashine na kamba, miaka ile ya sitini,
akakata kona kumi na saba kama mtu akataye kucha.
“Maji hufuata mkondo,” alisema, “na mkondo ni mimi.”
Yakafuata. Mikunga nao wakayafuata, wasirudi.
Mdiria akabaki kwenye kalenda, jikoni.

Mwaka jana tumeupinda tena.
Mimi ndiye niliyeshika ramani.
Nilizitafuta kona za zamani kwenye udongo mweusi,
nikazikuta, na makombe ya konokono ndani yake,
zimekaa tu
kama chumba cha mgeni.

Sasa maji hayana haraka, yananusanusa kingo.
Matete yameota bila kuombwa.
Juzi usiku fisi-maji alipita chini ya daraja la baiskeli,
akaacha juu ya jiwe kinyesi chenye magamba:
sahihi yake.

Leo nimemsukuma Babu kwa kiti cha magurudumu hadi ukingoni.
Katazama, katazama. Kereng’ende katua gotini pake.
Ana miaka tisini na miwili, husahau jina langu.
“Hapa,” akasema, “nilipata tabu.
Kona hii haikutaka.”