Nusu Kidole

Chumba hiki kilikuwa cha fundi viatu.
Bado kinanuka gundi, hata baada ya chokaa mara tatu,
na karibu na dirisha, penye mwanga,
pale alipokuwa akiketi Vazha miaka thelathini,
mbao zimebonyea kama godoro la mgonjwa.
Nimepafunika kwa zulia la mama mkwe.
Zulia nalo limebonyea.

Magauni tisa.
La kumi sikuliweza; vidole viligoma Jumatano usiku.
La hariri nyeusi limesimama dirishani
limeipa barabara mgongo,
maana mgongo ndio uliokula majira yangu yote ya baridi:
vifungo arobaini na viwili, kila kimoja nimekivika kitambaa,
kila kitanzi ni uzi niliousokota nikiwa na homa.
Nyuma yake la rangi ya komamanga bivu,
halafu la kijani, ambalo silipendi,
lakini Tsiuri kasema duka halijazwi
kwa mapenzi ya mwenye duka peke yake.

Tsiuri kaleta mvinyo wa baba yake kwenye chupa za maji
na glasi kumi na nane za kuazima.
Nje, mvua ya Kutaisi inashuka polepole,
kama mtu anayehesabu hela za mwenzake.

Saa kumi na mbili hakuja mtu.
Saa moja hakuja mtu.
Tukala jibini. Tukanyoosha mikunjo isiyokuwepo.
Mgeni njoo, nikasema moyoni, mwenyeji apone,
mwenyeji ana deni la benki.

Saa moja na nusu kengele ikalia.
Akaingia mzee, koti linachuruzika,
mkononi kikaratasi: arobaini na moja.
"Nimechelewa," akasema. "Nimefuata viatu."
Nikamwambia Vazha alifariki Novemba.
Akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena.
"Viatu vya mkeo?" Tsiuri akauliza kwa huruma.
"Vyangu. Vya kuchezea dansi."

Hakutoka. Alisimama akilitazama gauni jeusi
kwa muda mrefu kuliko adabu.
"Pindo la kushoto limeshuka."
"Halijashuka."
"Nusu kidole. Nimepima madaraja ya reli
miaka thelathini na minne, bibi. Mimi nimestaafu,
jicho bado."

Nikapiga magoti, pini mdomoni, utepe shingoni.
Nusu kidole.
Gauni nililolipima mezani, nililolipima usingizini!
Nikashika mkasi mdogo nifumue,
naye akaushika mkono wangu, akatoa sarafu,
akaiweka sakafuni kwa ubavu.
Sarafu ikasita, ikaondoka yenyewe,
ikapanda zulia, ikateremka,
ikalala pale pale Vazha alipokuwa akiketi.

Mzee akacheka bila sauti.
Akakikunja kikaratasi mara mbili, mara nne,
akainama kwa shida, magoti yakilia,
akakisukuma chini ya mguu wa sanamu.
Pindo likasimama sawa kama maji kwenye beseni.
Akanywa glasi moja, akasifu mvinyo, hakusifu nguo,
akarudi mvuani.

Baadaye walikuja wawili kutoka duka la dawa.
Mmoja akateremsha kidole juu ya vifungo, kimoja kimoja,
akauliza bei, akanyamaza,
akauliza tena, kana kwamba
safari ya pili ingekuwa nafuu.

Hakununua. Kasema Jumamosi.
Nami nikifagia nazunguka ule mguu kwa hadhari,
nisiing'oe arobaini na moja.